Ubani wa Kungojea Jina

Ubani ukifukizwa ofisini kwetu, mtaa wa Ruwi, mimi sikaliki. Nainuka, nazunguka meza, naambiwa nitulie.

Ni tangu alfajiri moja ya utotoni. Baada ya sala, mimi na kaka yangu tulikuwa sebuleni tukitazama timu za Marekani zikichagua wachezaji wapya wa mpira wa kikapu. Kijana mmoja mwembamba alikaa na mama yake, akifuta viganja kwenye suruali. Wenzake waliitwa, yeye bado.

"Mtoto wa watu ndo wanamweka vile mbele ya mamake?" bibi yetu alisema nyuma yetu. "Hebu nipeni chetezo cha ubani."

Akaifukiza televisheni, kama anavyofukiza kanzu ya bwana harusi. Moshi haujaisha, kijana akaitwa. Ndiye baadaye aliyetufanya sote turushe mpira kutoka mbali.

Jioni kaka alikuwa achague timu yake uchochoroni. Mimi kila siku nilibaki wa mwisho. Nikamwomba bibi anifukize na mimi, akanifukiza mpaka machozi yakanitoka.

Nikasimama ukutani. Kaka alitaja majina, mmoja mmoja. Tulipobaki wawili akanisogelea, akanusa.

"Leo unanukia vizuri," alisema, kisha akamwita mtoto wa jirani, aliyekuja kucheza na ndala miguuni.