Mikono Thelathini na Miwili ya Gualtiero Proietti

Jirani yetu wa mtaa wa Quadraro, Roma, Gualtiero Proietti, alipoteza mkono wa kushoto mara moja vitani, huko Albania, na mara thelathini na moja katika studio za sinema. Ule wa kwanza ulimpatia nishani ya bati. Iliyobaki ilimpatia chakula cha mchana, maana Roma ya kale, kama sinema zilivyotufundisha sisi tuliozaliwa Roma, ilikuwa na shughuli mbili tu: kukatana mikono na kuvaa shuka safi.

Waongozaji walimgombania. Walimfunga mkono wa nta uliojaa rangi nyekundu, adui anashusha upanga, mkono unaruka, Gualtiero anakufa, kisha anainuka kwenda kula tambi. Kuna siku mkewe, Ersilia, alituomba radhi kwa kuchelewa dukani: mumewe alikuwa ameuawa mapema, akamkuta hajapika.

Mwaka 1961 akaja mwongozaji mpya, msomi, ambaye vita alivisoma vitabuni. Akasimamisha kamera.

"Mzee, umekatwa mkono. Mbona umenyamaza?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Wapi?"

"Albania. Sikulia. Nilimuuliza mwenzangu kama ameiona kofia yangu."

Mwongozaji akafikiri, kisha kwa heshima zote akamweleza kwamba watazamaji hawataamini. Wakarudia mara tisa. Mara ya tisa Gualtiero alifumbua kinywa, sauti isitoke. Jasho likamtiririka, na vidole asivyokuwa navyo vikamuuma kwa baridi. Mwongozaji akafurahi sana. Sauti, alisema, itatiwa baadaye.

Pasaka ilipofika mtaa mzima tulijazana kwenye ukumbi wa sinema. Kinywa cha Gualtiero kikafunguka, kikatoka kilio cha kutetemesha viti, cha bwana mmoja mwenye mikono miwili na koo la kukodishwa. Tulipiga makofi. Kinyozi wetu alimpa pongezi: sasa ndiyo tumejua vita ni nini.

Gualtiero alishukuru. Ersilia hakupiga makofi. Alimwinamia sikioni, nami niliketi nyuma yao.

"Huyo si wewe."

"Najua. Lakini huyo ndiye waliyempenda."

Jumatatu alikwenda studioni, akakataa upanga, akaomba useneta. Walimpa bila ubishi: seneta hukaa tu na kutikisa kichwa, na shuka humfunika bega. Alikaa hivyo miaka sita, akikubaliana na kila mfalme.