Mikono ya Loice na Tivi Iliyomeza Vita

"Hiyo ya ukutani haina mdomo, Baba Sifuna," Loice alisema. "Sidii zangu nitaitilia wapi, masikioni?"

Makokha, mume wake, alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni, boksi refu jembamba la tivi mpya limemwegemea pajani, maana ndani hapakuwa na pa kuliweka. Sakafu yote ilikuwa mafungu ya nywele bandia na bisibisi, na katikati yake fundi Rajab, aliyeinama nyuma ya tivi ya zamani kama mtu anayemkamua ng'ombe mgonjwa. Ugomvi wao ulianza nyumbani kwenye chai, ukapanda boda pamoja nao, ukateremka Kansanga haujachoka.

Makokha alikwisha kusema kwamba dunia nzima imezihama sidii, na kwamba tivi yenye kisogo hata mwizi hana haja nayo, akiikuta huifuta vumbi akaenda zake. Loice naye alikwisha kusema kwamba mtu anayeendesha lori ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba asimfundishe mwenzake habari za vitu vipya.

Tivi yenyewe ilikuwa na mdomo chini ya kioo, wa kulishia sidii. Tangu Jumatatu ilikuwa imemeza filamu ya vita ikakataa kuitema. Ukiiwasha, inapiga risasi. Ukiizima na kuiwasha tena, inaanza vita upya. Na leo, baada ya swala ya adhuhuri, alikuwa anakuja kusukwa Zulaikha, binti ya Hajati Sharifah, ambaye harusi yake ni kesho na ambaye kichwa chake huuma upesi hivi kwamba akionyeshwa chanuo analia.

Kwa msusi mwingine hilo lisingekuwa neno. Anasuka tu, tivi ipige inachopiga. Mikono ya Loice haiko hivyo.

Loice alikuja Kampala kutoka upande wa Bungoma, akimfuata Makokha, hana Kiganda hata cha kuombea maji. Alianza kusuka Ggaba, karibu na zinakofikia boti za samaki, na kibanda chake kilipakana na kibanda cha video. Kati yao palikuwa na bati moja. Miaka yote aliyokaa pale alisuka huku akisikiliza filamu za watu wengine, na yule mtu wa kipaza sauti anayezitafsiri kwa Kiganda ndiye aliyemfundisha lugha. Ndiyo maana mpaka leo Loice akimwambia mteja ainamishe kichwa, humwambia kama askari aliyemzingira adui. Wateja wapya huinua mikono juu.

Lakini si ulimi peke yake uliosomeshwa na lile bati. Vidole navyo vilisoma. Magari yakifukuzana, vidole vinakimbia. Bunduki zikilia, vinakaza. Mapenzi yakianza vinalegea, msuko unatoka laini, unaweza kuulalia shavu. Mtu akifa polepole huku akiacha wosia, msuko unakuwa mwembamba na mrefu, nao haukatiki.

Kibanda cha video kilipovunjwa, Loice akahamia Kansanga, na siku ya kwanza vidole vyake vikasimama kama mbuzi kwenye mvua. Akatafuta tivi ya kula sidii. Aliipata Kyambogo kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, akaileta kwa boda, na kile kisogo chake kilikuwa kizito hata gurudumu la mbele halikugusa lami mpaka Kabalagala.

Wateja walijua kuagiza. Hakuna aliyetaja jina la mtindo. Mwanamke anayeimba kwaya Jumapili husema awekewe ya mapenzi. Anayekwenda kijijini kwa miezi, kusiko na msusi, huomba vita, maana msuko wa vita haufumuki hata ukifumuliwa.

Tangu Jumatatu, basi, Kansanga yote ilisukwa vita. Kuna muuza samaki mmoja alitoka pale nyusi zimepanda karibu na utosi, macho hayafumbiki. Alilala hivyo hivyo, macho wazi, na wezi waliochungulia dirishani kwake wakamwamkia na kuomba radhi. Siku ya pili alikuja mlinzi wa duka, mwanamume mzima, kuuliza kama na yeye anaweza kusukwa.

Kwa mlinzi ni sawa. Kwa bi harusi si sawa. Na akina Hajati ni Wanubi, na wanawake wa Kinubi hawaendi saluni mmoja mmoja: anakuja mama, shangazi, wifi na binamu, na siku wakiondoka wanaondoka wote pamoja na harusi zao zote. Ng'ambo ya barabara, Vera, ambaye Loice alimfundisha kusuka kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amefungua milango yote miwili ya saluni yake na anafagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu.

Makokha akamwambia mkewe kwamba kijiti kimoja cha flashi, mfano wa kidole cha mtoto, kinabeba filamu ambazo yeye hatazimaliza mpaka azeeke.

"Na nani amezipanga?" Loice aliuliza. "Hiyo haisimami. Mapenzi yakiisha inaleta inachotaka. Unataka upande wa kushoto wa kichwa uende fungate, wa kulia uende vitani?"

Rajab alicheka ndani ya tivi, sauti ikatoka kama redio mbovu.

Makokha akamtaka basi asuke kimya, kama wanawake wengine waliozaliwa na mama. Ili asiambiwe mkaidi, Loice akamkalisha Valarie, dada yake Makokha, aliyekuja kusaidia kufagia na alikuwa bado hajafagia. Rajab akaacha kugonga. Pakawa kimya. Vidole vikashika nywele, vikazitazama. Boda ikapita nje, vidole vikakimbia nayo kidogo, boda ikaishia konani navyo vikasimama. Kisha likapita gari la vipaza sauti linalouza dawa ya panya, nalo lilikuwa linakwenda taratibu kwa sababu ya foleni. Valarie alipata mistari mitatu ya dawa ya panya. Alijitazama kwenye kioo, akaomba kitambaa.

Hapo ndipo Rajab aliinuka, sidii ya vita mkononi, ameichomoa kwa koleo. Loice alitaka kushangilia, lakini Rajab hakumpa nafasi.

"Imetema," alisema. "Lakini jicho linalosoma sidii limekufa, Mama Sifuna. Limekufa likitazama vita."

Alieleza kwamba tivi zote zilizokufa dukani kwake zilikufa kwa jicho hilo hilo, kwa hiyo hakuna ya kuikopesha hii jicho, na kwamba jipya halitengenezwi tena popote anapopajua yeye. Alisema hivyo bila huzuni, akikusanya bisibisi zake.

Loice alitazama ng'ambo ya barabara. Vera sasa alikuwa anafagia mbele ya mlango, akielekea lami, na angeachwa angefagia mpaka huku.

"Itundikeni," Loice alisema.

Wakaitundika. Makokha alishika ngazi huku amejaa ushindi, akachomeka flashi, akachukua rimoti, akaanza kutafuta mpira. Loice alivuta kigoda, akakiweka chini kabisa ya tivi.

"Wewe utakaa hapa," alimwambia. "Mapenzi tu. Bunduki ikichungulia, unairuka. Kisu, unakiruka. Mpaka kichwa cha bi harusi kiishe."

Makokha, ambaye hajawahi kumaliza filamu yenye maiti chache kuliko abiria wa basi, aliuliza atajuaje balaa linapokuja katika filamu asiyoijua.

"Utajua. Ukiona watu wameanza kufurahi sana, kaa tayari."

Akasema lori linamngoja. Loice akamwambia lori lina kamba mlangoni, halitakimbia. Akasema madereva wenzake wakisikia watamwita shangazi wa bi harusi mpaka Malaba. Valarie, chini ya kitambaa, akasema yeye mwenyewe atawapigia simu.

"Mimi, mwanamume wa Kibukusu," Makokha alianza, "nikae kigodani katikati ya wanawake, nikiwatazama watu wanaolia kwa sababu ya—"

Pazia la mlango likasogea. Aliingia Hajati Sharifah amemshika bi harusi mkono, na shangazi nyuma yao wamejaza mlango mpaka nje.

"Asalaam aleikum," Hajati alisema. "Kichwa chetu hiki hapa. Filamu anaiweka nani?"