Skonzi za Mama Mkwe

Kuna watu wanaoujua mji wao kwa kuutembea. Mimi niliijua Tunduma kwa kuisikia kutoka barazani kwangu: honi za malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka, wabadilisha fedha wakibishana, mbuzi wa jirani akilalamikia kamba yake. Nilikuwa fundi redio, na uzuri wa kazi hiyo ni kwamba kilichoharibika kinakufuata chenyewe. Meza yangu ilikuwa mlangoni kabisa. Nikitoka chumbani nimeshafika kazini. Mke wangu, aliyeuza vitenge karibu na mpaka, aliwaambia wenzake sokoni kwamba nyumba yetu haina haja ya kufuli, ina mume.

Kwa hiyo nikisema kwamba kuna kipindi nilizijua bekari zote za mji ule, na za Nakonde ng'ambo, na za njia ya Vwawa, wanaonifahamu hucheka kwanza halafu ndipo huuliza kulikoni.

Kulikuwa na mama mkwe. Ilikuwa miaka ya tisini, tukiwa bado mkoa wa Mbeya, vitu vimeanza kujaa madukani na kila mwenye tanuri anajiita bekari. Aliletwa kwetu kutoka bondeni Momba, ametoka kulazwa, amekonda hadi khanga inamzunguka mara mbili na kubaki. Nesi wa zahanati alituambia waziwazi: dawa zile hazitaki tumbo tupu. Mama asipokula, tusimlaumu mtu.

Sasa, huko kwao mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono wala hawatazamani usoni. Hilo nililijua. Niliambiwa wakati wa kutoa mahari, na mimi niliyezaliwa mjini kwa baba wa kuja nikalishika kama mwanafunzi anayeshika jibu bila kujua swali. Mama akipita kwenda uani, nainamia redio. Akisalimu, anasalimu akiwa nyuma ya pazia, nami naitika nikiitazama bisibisi. Nilijiona mkwe wa mfano.

Ila mama hakula. Alikunywa uji. Alikunywa chai. Sahani ya ugali iliingia chumbani kwake na kutoka ilivyoingia, na samaki juu yake hajaguswa hata pezi. Nilisikia kila kitu, maana kuta za nyumba yetu zilikuwa hazijafika juu. Zilikomea pale saruji ilipokomea. Mtu akigeuka kitandani chumba hiki, wa chumba kile anajua amegeukia upande gani. Nikasikia uji ukinywewa polepole, kisha kimya, kisha pumzi ya mtu aliyechoka kwa kunywa tu. Mke wangu akawa anakosa usingizi. Nikaanza kufikiri mambo ambayo mtu hasemi.

Asubuhi moja mke wangu akasimama mbele ya meza yangu, mikono kiunoni.

"Baba watoto, mama anatamani skonzi."

"Skonzi? Amesema?"

"Anatamani. Uende ukamtafutie. Uende mwenyewe, usimtume mtu, watu hawajui kuchagua."

"Na hii redio ya watu?"

"Imekaa na ugonjwa tangu Pasaka, leo ndiyo itakufa?"

Nikavaa viatu. Majirani walitoka nje kutazama.

Bekari ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Kiislamu kutoka Tanga, nyuma ya gereji za malori, yenye tanuri la matofali na mlango mweusi kwa moshi. Aliponiona akaweka chini koleo lake refu la kutolea trei.

"Fundi! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mzee wangu."

"Basi nyumba imeungua. Wewe huwezi kutoka hivihivi."

Nikamweleza habari za mgonjwa. Akanikalisha juu ya debe, akasema trei inayofuata ndiyo ya mgonjwa, nisubiri. Nikasubiri. Skonzi zikatoka zimeshikana mbavu, zimepakwa maji ya sukari juu mpaka zinang'aa kama kipara kilichonyolewa sasa hivi. Ukiivuta moja kutoka kwa wenzake, inaachia taratibu na kuacha nyuzi nyeupe. Nilionja moja kwa niaba ya mgonjwa. Kisha ya pili, kuhakikisha ya kwanza haikuwa bahati.

Nilipofika nyumbani mke wangu alizipokea mlangoni, akaingia nazo, na baadaye akatoka na sahani tupu. Kwa sahani ile tupu nilijisikia kama mtu aliyeirudishia redio sauti.

"Amekula?"

"Amekula. Anashukuru sana." Akaifuta sahani kwa kiganja. "Ila anasema ni nzito kidogo. Eti za kijiji cha Mpemba, njia ya Vwawa, ni laini zaidi."

Sikujiuliza mgonjwa kutoka bondeni amezijulia wapi skonzi za Mpemba. Kesho yake nikaenda Mpemba. Za Mpemba zilikuwa laini kweli, lakini laini ya kukosa msimamo. Unazishika zinasinyaa kama mtu anayedaiwa. Sahani ikarudi tupu. Mama akashukuru, ila akasema zimepungukiwa sukari, nijaribu Nakonde.

Basi nikavuka. Mimi, ambaye Zambia niliijua kwa vituo vyao vya redio tu. Mama mmoja mwenye trei kichwani akanisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, batata!" yaani hujambo baba, nikajibu "Bwino" kwa lafudhi iliyomfanya ashushe trei ili acheke vizuri. Mabanzi yake, ndizo skonzi za huko, yalikuwa makubwa, meupe ndani, yana harufu ya maziwa, na yanajaza shavu bila kulichosha. Nikamwambia mke wangu kwamba hapa sasa tumefika. Akaingia nayo chumbani, akatoka.

"Mama anasema matamu. Ila anasikia Vwawa kuna keki zinazookwa kwenye makopo ya siagi."

"Huyu mama ni mgonjwa au ni mkaguzi?"

"Mwulize mwenyewe," akasema, akijua siwezi.

Nilikwenda. Nilikwenda na kwingine. Nilikula vileja vya mchele vinavyovunjika kabla ya kufika mdomoni na kukuachia hiliki kwenye shati. Nilikula keki iliyokuwa na zabibu kavu moja, wakaihesabu kama keki ya zabibu. Nikaanza kuwa na maoni. Wateja wa redio walipokuja jioni, niliwaeleza tofauti ya ukoko wa tanuri la kuni na ukoko wa tanuri la umeme, hadi mmoja akaomba redio yake arudishiwe ilivyo. Na mama alikuwa akipona. Nilimwona kwa pembeni ya jicho, kwa kadiri mkwe anavyoruhusiwa: khanga imeanza kumkaa, hatua zake kwenda uani zina kishindo. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya mikono yangu. Wengine wanatibu kwa sindano, mimi natibu kwa ngano.

Ila miguu ilikuwa inauma, na meza yangu ilikuwa imeota vumbi. Nikaona nifanye akili. Nikapatana na mzee wa Tanga kwamba mpanda baiskeli wake, anayesambaza mikate madukani, aniletee skonzi za moto kila asubuhi. Mimi nikae kwangu, mama ale, kila mtu afurahi.

Mke wangu aliusikia mpango huo huku akikunja vitenge vyake. Alinitazama tu, kama anayemtazama mtu akikalia miwani yake.

Skonzi zikaja. Zikaingia chumbani. Sahani ikatoka imejaa. Siku iliyofuata hivyohivyo. Uji ukarudi, na kile kimya cha baada ya uji. Siku ya tatu nilisikia mama akishikilia ukuta kwenda uani, nikainamia redio bila kuiona. Mke wangu akapita na macho mekundu. Nikainuka. Nikachukua skonzi moja kama ushahidi, nikaenda kwa mzee wa Tanga nikiwa nimeshaandaa maneno.

"Umebadilisha unga!"

"Mimi?"

"Mgonjwa wangu alikuwa anakula, sasa hali. Unga huu si ule!"

Mzee hakubishana. Aliichukua ile skonzi mkononi mwangu, akaing'ata, akatafuna akinitazama, akaimaliza yote na kujifuta masharubu.

"Fundi," akasema, "rudi nyumbani. Umechoka."

Nikarudi na hasira isiyo na pa kukaa. Nilirudi mapema kuliko siku zote na, kwa kuwa sikutaka majirani wanione sina kitu mkononi, nilipitia nyuma, njia ya uani.

Walikuwa wamekaa mkekani, pembeni ya jiko, mama na binti yake. Katikati yao ugali mkubwa, kisamvu, na samaki. Wanacheka. Mama anamega tonge, analikandakanda, analichovya, anasimulia jambo huku mdomo umejaa, na sauti yake ni nzito, ya mtu mzima mwenye afya, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Hakuna skonzi popote.

Kisha akaniona. Tonge likasimama hewani. Akalirudisha kwenye sahani, akajifunika uso kwa khanga, akageukia ukuta na kubaki hivyo, mabega yamejikunja. Mimi nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Mke wangu akanifuata.

"Sasa umejua," akasema.

"Nimejua nini? Mbona anakula?"

"Anakula ukiwa hupo. Mama hawezi kula mkwe akiwa ndani ya nyumba. Hata ukimsikia anatafuna ni aibu, na zile kuta zako unazijua. Uji hauna kelele."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Nikimwambia atoke ili mimi nile, nimemfukuza kwake. Asiambiwe. Mwanamume anayekaa nyumbani utamwokota wapi siku hizi? Mwache akae.'" Akacheka huku akifuta macho. "Ndiyo nikatafuta skonzi."

"Na za Mpemba? Na kwamba zile ni nzito?"

"Kila mara natafuta za mbali zaidi. Huko Vwawa ulimpa mama nafasi ya kula na kulala kabisa."

"Kwa hiyo maoni yote yale..."

"Ya kwangu. Skonzi nyingi nimekula mimi. Na za Nakonde ndizo tamu, kama unataka kujua."

Nilisimama pale barabarani nikihesabu safari zangu kwa vidole, jambo ambalo mke wangu alilifurahia kwa utulivu. Mwanamke yule alikuwa tayari kudhoofika chumbani kuliko kunifanya niinuke kwenye kiti changu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho, nikitega sikio kwa huruma, nasubiri ale.

Toka siku hiyo nilikuwa natoka kila asubuhi na kila adhuhuri bila kutumwa. Nikahamishia bisibisi zangu kwa mzee wa Tanga, nikawa natengeneza redio juu ya debe lake, karibu na tanuri. Watu wakasema ndoa imeingia mdudu. Nikawaacha waseme.

Mama alipata nguvu. Siku moja kabla ya kurudi Momba, nilikuta nyumba inanukia kitu nisichokijua. Mezani kwangu kulikuwa na sufuria imefunikwa, majivu bado yako juu ya mfuniko. Mkate wa unga wa mahindi na ndizi mbivu, umeokwa kwa makaa chini na makaa juu, wa kahawia, umepasuka katikati.

"Amekuokea," mke wangu akasema. "Keti ule."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ametoka. Amekwenda kukaa kwa jirani, upate kula kwa raha."

Nikatazama nje. Jua lilikuwa kali, na mama alikuwa kwenye kigoda chini ya paa fupi la jirani lisilotosha kumpa kivuli, ametugeuzia mgongo, fimbo mapajani.

Mkate ule ulitaka kuliwa polepole. Ulikuwa na unyevu wa ndizi, ukoko mgumu wa pembeni, na utamu uliochelewa kufika. Sikuupa nafasi. Niliula harakaharaka nikiungua ulimi, ili mama arudi kivulini.

"Anauliza kama sukari imetosha," mke wangu akasema.

"Mwambie imetosha. Mwambie nimemaliza, aingie ndani."