Kishikwambi Kilichojaa Mbele ya Sengu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, kila nionapo kijana akiliondoa onyo kwenye kioo chake kabla ya kulisoma, ni alasiri moja ya ukungu kule Maguu, katika chumba alimolala baba yangu mkubwa, Mzee Otmari. Hakuwa tena mtu wa kutoka nje. Alikuwa amebakiwa na pumzi chache na neno moja tu la kusema, na chombo cha kulipokea neno hilo nilikuwa nimekishika mimi.

Nilikuwa kijana bado. Utaniuliza: ujana gani huo, ilhali vishikwambi ni vitu vya juzi? Uko sahihi, na napenda msomaji anayeuliza. Mvi nilikuwa nazo, na darasani nilikwisha kufundisha watoto wa watoto niliowafundisha kwanza. Lakini kwetu Umatengoni mtu huitwa kijana maadamu yu hai mkubwa awezaye kumwambia nyamaza, naye akanyamaza. Kwa kipimo hicho nilikuwa kijana kabisa, na nilihitaji kuambiwa.

Mzee Otmari alikuwa na wana wawili wa kiume. Osmundi, mkubwa, alibaki mlimani na ndiye aliyemtunza baba yake nyumbani kwake. Kastori, mdogo, alishuka ziwani akawa mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, huko Mbamba Bay. Ardhi ya ukoo wetu ni ntambo moja, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, unaolimwa na nyumba zote za ukoo kutoka juu hadi bondeni. Katikati yake ipo chemchemi, na kuizunguka imepandwa mibuni bora kuliko yote tuliyo nayo. Kwa ajili ya chemchemi hiyo ndugu hawa wawili walikwisha kuinuliana majembe mbele ya wake zao. Kastori akaapa hatakanyaga tena ua wa kaka yake, ila siku atakayokuja na watu wake kuchukua fungu lake kwa nguvu. Akatuma na salamu: “Maneno ya baba yakipitia mdomoni mwa Osmundi si maneno ya baba. Nitakubali nikimwona uso na kumsikia sauti, na anayerekodi asiwe wa nyumba ile.”

Asiwe wa nyumba ile. Ndiyo maana niliitwa mimi, mwana wa ndugu yake Mzee Otmari, mwalimu, mtu aliyedhaniwa kuwa hana upande. Simu za watoto wa Osmundi zilikuwepo, tena nzuri, lakini zilikuwa na dosari moja isiyorekebishika na fundi yeyote: zilikuwa za watoto wa Osmundi.

Sasa nikueleze hali ya kishikwambi changu, maana hapo ndipo ulipo mzizi. Sengu ni baraza la ukoo wetu. Zamani watu wa nyumba zote walikula pamoja, chakula cha kila jiko kikiletwa mahali pamoja, na hakuna aliyeuliza nani kala cha nani. Siku hizi kula pamoja kumepungua, ila desturi haikufa, ilihama tu. Kwetu ilihamia ndani ya kishikwambi changu. Kwa kuwa kioo chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote katika ukoo, kila ndugu aliyekuwa na chochote cha kutazamwa alikileta kwangu: video za harusi, komunyo ya kwanza, mazoezi ya kwaya, filamu, mpira. Ningemkataliaje ndugu? Kumkatalia kungekuwa sawa na kuufunika wali mgeni akiwa mlangoni. Juu ya hayo lilikuwapo kundi la ukoo la WhatsApp, ambamo kila asubuhi watu walitakiana heri kwa picha za maua, na kila ua lilijihifadhi lenyewe bila kuniomba ruhusa. Hata kadi ya kumbukumbu, iliyokuwa na nafasi yake ya ziada, nilikuwa nimeichomoa nikamwazima katibu wa kwaya.

Kwa siku nyingi kishikwambi kilinionya kwamba nafasi inakaribia kwisha. Niliisoma sentensi hiyo, nikaona imeandikwa kwa Kiswahili fasaha, nikaiondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii nimewafundisha wengine kwa miaka mingi, nami sikujifundisha.

Tuliingia chumbani. Nikapiga goti, nikasema, “Shikamoo, baba mkubwa.”

“Marahaba, Mwalimu. Umekuja na hicho kioo chako?”

“Nimekuja nacho.”

“Haya. Nisimamishieni mito, Kastori asije akadhani nimekwisha kufa.”

Osmundi alisimama mlangoni na mkewe. Leokadia, binti yao, alikaa kitandani nyuma ya babu yake akimwegemeza. Wazee wengine wa ukoo walijipanga ukutani. Nikaanza kurekodi. Mzee alianza tangu jiwe la mpaka la chini kabisa, akataja kila mpaka kwa jina lake la Kimatengo, akipumzika kati ya jina na jina. Mashamba ya bondeni akayagawa. Kisha akasema, “Na sasa chemchemi,” akafumba macho ili akusanye pumzi.

Hapo kioo kikabadilika. Kurekodi kumesimama. Nafasi imejaa.

Uso wangu ulisema yote. Osmundi akapiga hatua moja kuja kwangu. “Imekuwaje?”

“Kimejaa.”

“Kimejaa kwenye chemchemi?” Sauti yake ilishuka, na kwa Osmundi sauti ikishuka, afadhali kelele. “Mipaka yote kimebeba, kimefika kwenye chemchemi kikashiba? Mwalimu, niambie ukweli. Kastori alikupitia lini?”

“Kaka, sijaonana na Kastori tangu…”

“Niambie!”

Mkewe akadakia, “Shemeji, usomi wote ule, na chombo chako kimevimbiwa kama mbwa wa harusini!”

Wazee wa ukutani walianza kunong’ona. Nikajaribu kutuma video za zamani kwenye hifadhi ya mtandaoni, lakini mtandao wenyewe ulikuwa umezama katika ukungu pamoja na mlima. Mtu mmoja akasema, “Futa!” Mwingine, “Futa vyote, mzee anachoka!” Nikaingia kwenye orodha ya video, nikagusa mahali palipoandikwa “chagua zote”. Kila kitu kikapata alama. Kidole kilikuwa juu ya neno la kufuta.

“Mwalimu.” Mzee Otmari alikuwa amefumbua macho. “Ondoa kidole.”

Nikaondoa.

“Anayekufa humu ni nani? Mimi au wewe?”

“Baba mkubwa, tusiseme hivyo…”

“Nakuuliza. Anayekufa ni mimi, nami sina haraka. Wewe mzima unakimbilia wapi?” Akavuta pumzi, tukangoja. “Humo unamotaka kufuta, maneno niliyokwisha kusema yamo au hayamo?”

Nikatazama. Yalikuwamo. Nusu ya wosia wake ilikuwa ya kwanza katika orodha, nayo ilikuwa na alama kama zile nyingine. Kidole kingeshuka, ningemwua kabla ya kufa kwake.

“Yamo,” nikasema.

“Ulipokuwa mdogo nilikufundisha kuchimba ngoro. Tunaanza na nini?”

Ngoro, kwa wewe usiyetoka kwetu, ni vishimo tunavyochimba kwenye miteremko ili mvua isiuchukue udongo. “Tunafyeka,” nikajibu kama mwanafunzi. “Kisha tunayalaza majani kwa mistari, yakae hadi yakauke. Ndipo tunachimba na kuyafukia.”

“Kwa nini hatufukii siku ileile ya kufyeka?”

“Ili tuone tunachofukia.”

“Basi laza majani. Kitu kimoja kimoja, kwa sauti. Wenyewe wamo humu. Kila mtu aseme juu ya chake.”

Nikaziondoa alama zote. Nikavipanga vitu kwa ukubwa, kizito kwanza, nikasoma. Cha juu kabisa kilikuwa mechi nzima ya mpira. “Ya nani hii?” Nikasoma ya pili: mechi. Ya tatu: mechi. Sehemu kubwa ya nafasi yangu ilikuwa imeishia hapo.

“Ni zangu,” akasema Osmundi, akiitazama sakafu.

“Sikukusikia,” akasema baba yake, aliyesikia vizuri.

“Zangu, baba. Zote tatu. Azifute.”

Mzee mmoja wa ukutani alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mkewe Osmundi hakujishughulisha kugeuza chake. “Kumbe aliyemvimbisha mbwa ni mwenye harusi!”

Tukaendelea. Harusi ya Leokadia ilionekana mara tatu, ileile, imetumwa na watu watatu. “Baba mdogo, futa mbili, moja uiache,” akasema Leokadia. Filamu zilifutwa na wenyewe bila majonzi. Mazishi ya mama yao Osmundi hayakuguswa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo mahali pengine, na nilipoyataja Osmundi alinitazama kwa namna iliyonionyesha kwamba alikuwa hajui kama nimeyatunza. Video za kazini niliziacha, hazikuwa za ukoo.

Nikarudi kwenye kamera. Imejaa.

Nikafungua tena, nikafunga, nikafungua. Imejaa vilevile. Mzee alikuwa ameanza kupumua kwa mdomo, na Leokadia alikuwa akimpangusa paji la uso. Osmundi hakunishutumu tena. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

“Baba mdogo,” akasema Leokadia polepole, “vilivyofutwa vimekwenda wapi?”

Swali rahisi, na lenye haki. Vilikuwa vimekwenda kwenye pipa la taka la kishikwambi, ambalo hutunza vilivyofutwa kwa muda endapo mwenyewe atajuta, na wakati wote huo nafasi haitoki. Nikalifungua pipa. Nikasoma kila kilichomo, safari hii bila kuamriwa, maana kutoka humo hakuna kurudi. Nikalimwaga. Nafasi ikafunguka.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, nisingeliwaza. Alipoona namwelekezea kioo, hakuanza na chemchemi. Alisema: “Kastori, mwanangu. Utaona hapa pamekatika. Usimshuku mtu. Chombo kilijaa mpira wa kaka yako, tumeuondoa mbele yangu, na yeye mwenyewe amekiri. Mimi ni yuleyule, mito ni ileile, ukungu ni uleule. Sasa sikia.” Ndipo akasema: mibuni ya juu ya chemchemi ni ya Osmundi, ya chini yake ni ya Kastori, na maji hayana mwenyewe. Atakayeyazungushia ua, radhi ya baba hana.

Sikutoka Maguu kabla ya kuirejesha kadi kutoka kwa katibu wa kwaya na kunakili wosia huo. Kadi niliiacha kwa Leokadia. Kesho yake nikashuka ziwani.

Nilimkuta Kastori ufukweni akigeuza usipa kwenye vichanja. Hakunikaribisha kukaa. Alitazama akiwa amesimama, mikono ikiwa na magamba, nami nikamshikia kioo. Baba yake aliposema “na sasa chemchemi” na picha ikakatika, alinyanyua uso. “Enhe,” akasema, “ndivyo nilivyojua. Mmekata.”

“Subiri kidogo, ndugu yangu.”

“Nisubiri nini? Mmekata!”

Nikagusa sehemu ya pili, sauti ya baba yake ikamwita kwa jina. Alisikiliza. Palipotajwa mpira, mdomo wake ukacheza, ukakataa, kisha akashindwa, akacheka kwa nguvu hadi wanawake wa vichanja jirani wakageuka. “Huyo ndiye Osmundi! Tangu utotoni!” Machozi yalifuata, nayo hayakuwa ya kicheko. Alirudia sehemu ya pili, kisha akaniuliza, “Bado yu hai?”

“Nilimwacha hai.”

Akanawa mikono ziwani. Tulipanda pamoja, naye akaingia katika ua alioapa kutouingia. Osmundi akampisha mlangoni, na mzee akawashika mikono wote wawili. Alituacha wiki ileile, akiwa amewaona.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Onyo likija, lisome siku lilipokuja, ungali na utulivu. Anza na vizito, maana kufuta maua mia ya asubuhi hakukuondolei mzigo wa mechi moja. Kila kitu kiulizie mwenyewe, na kama kipo mahali pengine. Kisicho na nakala usikiguse kabla ya kukitafutia nakala. Usiwahi kuchagua vyote ukiwa na hofu, kwa sababu hofu haisomi. Pipa nalo likague kabla ya kulimwaga. Na ndugu akikuletea cha kutazamwa, kitazameni pamoja, mcheke, kisha aondoke nacho, wala hutakuwa umeuvunja udugu. Walisema akiba haiozi, na ni kweli. Lakini ghala lililojaa makapi huinyima nafaka mahali pa kulala. Uache wazi kila siku mahali pa neno ambalo bado halijasemwa, kwa kuwa hujui litasemwa na nani, wala atakuwa amebakiwa na pumzi ngapi.

Mungu akupe macho ya kusoma kabla ya kufuta, na mkono usiotetemeka saa ya wazee wako kusema. Wakuagapo, wakuage kwa maneno kamili, nawe uyafikishe yalivyo. Amina.