Bunduki ya Mtu wa Shoto

Niliponunua bunduki nilikuwa dereva wa basi, mama wa watoto wawili na mke wa shemasi. Hakuna aliyeitarajia habari hiyo, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Tulikaa Jakobsberg, kitongoji cha jiji kuu la Uswidi. Mimi nilizaliwa Bujumbura, mume wangu ni mtu wa Bukavu, na sote wawili tulifika Uswidi kwa sababu ya watu wenye bunduki. Kwa miaka mingi, mlango ukijibamiza kwenye gereji ya mabasi, funguo zilinidondoka mkononi. Kwa hiyo dereva mwenzangu, mama wa Kiswidi mwenye sauti nzito, aliponialika Jumamosi moja nikamwone akilenga shabaha, nilimkatalia kabla hajamaliza kusema.

"Hatulengi kitu chenye damu," akaniambia. "Ni visahani vya udongo. Mashine inavirusha hewani, sisi tunavivunja. Njoo unywe kahawa tu. Usipopenda nitakurudisha nyumbani."

Nilikwenda. Labda nilikuwa nimechoka kuogopa milango.

Uwanja ulikuwa msituni, mbele kidogo ya Upplands Väsby. Mlio wa kwanza ulinikuta ndiyo kwanza nimetia mguu nje ya gari. Nikarudi ndani nikajifungia. Mwenzangu hakunicheka wala hakunibembeleza. Alinipitishia kikombe cha kahawa dirishani, akaenda zake. Nikiwa mle garini niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Watu walitembea na bunduki zao zimekunjwa katikati, zimelazwa mkononi kama koti, mitutu wazi, ili kila apitaye aone kwamba hamna kitu ndani. Kule nilikotoka, hakuna mwenye bunduki aliyewahi kujali kunionyesha kwamba yake ni tupu.

Nikashuka. Kisahani cha rangi ya chungwa kikaruka juu ya misonobari, mzee mmoja akakifuata kwa mtutu, akafyatua, kikawa vumbi. Vumbi tu. Nikajikuta nacheka kwa sauti.

Siku hiyo nilijaribu mara kadhaa na sikugusa hata kimoja. Wiki iliyofuata nilirudi, na nyingine, mpaka nikawa mwanachama. Anayelenga hupiga kelele ili kisahani kirushwe, kila mtu na neno lake. Mimi nilisema "Haya!", na yule aliyekaa kwenye kitufe cha mashine akalizoea upesi.

Shida ilikuwa shavu. Mimi ni mtu wa shoto. Utotoni bibi yangu alinichapa vidole kila nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye sinia. Sasa bunduki za klabu zilikuwa zimeirithi kazi yake. Vitako vyake vilipindwa kidogo kumfaa mtu wa kulia, na kila nilipofyatua kitako kilinigonga chini ya jicho. Jumapili nilikwenda kanisani na alama ya zambarau.

Kina mama wa kanisa walinibana ndani ya duka la vyakula vya Kiafrika kule Rinkeby, kati ya mihogo na dagaa.

"Dada, tuambie ukweli," mmoja alininong'oneza huku amenishika mkono. "Ni shemasi?"

Nikaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana walitazamana kwa huruma, kama watu waliopata jibu.

Habari ilimfikia mume wangu kabla sijafika nyumbani na mihogo. Tangu mwanzo hakuupenda mchezo huu. Hakunikataza, ila kila Jumamosi nilipoondoka aliingia chumbani akafunga mlango. Jioni hiyo nilimkuta amesimama katikati ya sebule.

"Mama watoto, mimi leo naitwa mpiga mke, kwa sababu ya visahani!"

"Unataka niache?"

Alikwenda dirishani, akatazama chini, akarudi.

"Siku hizi mlango ukipigwa na upepo hushtuki," akasema. "Nimeona. Mimi bado nashtuka." Kisha akakunja uso tena. "Usiache. Lakini tafuta bunduki inayokutosha, kabla hawajanivua ushemasi."

Niliipata katika duka la bunduki upande wa kusini wa jiji. Ilikuwa bunduki ya marisau, zile risasi za punje ndogo ndogo, iliyokwisha kutumika, ya Kiitaliano, yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwenzake. Kitako chake cha mbao ya mjozi kilikuwa na mikwaruzo, na chuma kilikuwa kimepauka pale ambapo mkono wa mtu mwingine ulikishika miaka mingi.

"Hiyo imekaa sana," alisema muuzaji bila kutaka kunidanganya. "Watu wanaishika, wanairudisha. Haiwakai begani."

Nikaikunja kwanza, nikachungulia mitutu yote miwili. Tupu. Nikaifunga, nikafumba macho, nikaipandisha begani. Nilipofumbua, shavu langu lilikuwa limelala kwenye mbao bila kutafuta mahali, na jicho likikimbia juu ya mtutu mpaka kwenye shanga ndogo ya kulengea nchani mwake, kama barabara iliyonyooka isiyohitaji usukani.

Muuzaji alinitazama mikono, akajipiga paji la uso. "Wewe ni wa shoto! Na mzee aliyeniletea hii alikuwa hivyo hivyo!"

Sheria ya Uswidi haikuruhusu niondoke nayo siku hiyo. Ilibaki dukani mpaka klabu iniandikie polisi kwamba mimi ni mlengaji kweli, na polisi nao watoe kibali. Wakati nikisubiri, mume wangu alitoboa ukuta wa zege ili kufunga kabati la chuma la kuitunzia. Alinung'unika kwa Kifaransa tangu tundu la kwanza hadi la mwisho, lakini kabati lile hata tetemeko lisingelitikisa.

Basi kibali kikatoka, nikaichukua, nikaenda nayo uwanjani, nikasema "Haya!" Kisahani changu cha kwanza kikapasuka. Cha pili nacho. Shavu halikuuma. Mwenzangu wa kwenye mabasi alitingisha kichwa akasema, "Kumbe tulikuwa tumekuvalisha kiatu cha mwenzio."

Vuli hiyo niliingia kwenye shindano la klabu. Mume wangu alikuja kwa mara ya kwanza, na suti na viatu vyake vya ibada kwenye tope, kwa sababu aliambiwa ni shindano na kwake shindano si jambo la mzaha. Alikaa kwenye benchi, mikono kifuani. Mlio wa kwanza ulimshtua mwili mzima, nikaona. Hakuinuka.

Mwishowe tulilingana, mimi na daktari mmoja wa meno, mpole, ambaye kombe la shindano hilo lilikuwa limezoea kukaa nyumbani kwake. Ikaamuliwa turushiwe kisahani kimoja kimoja kwa zamu, mpaka mmoja akose. Akapiga, nikapiga. Akapiga, nikapiga. Upepo ukainuka kutoka ziwani, kisahani chake kikazama ghafla chini ya marisau, kikaanguka kizima majanini. Uwanja ukanyamaza, jinsi Waswidi wanavyojua kunyamaza.

"Haya!"

Changu kilitoka chini kabisa, kikikimbilia kushoto. Sikufikiri kitu. Kikawa moshi wa chungwa juu ya miti.

"Haleluyaaa!" Mume wangu alikuwa amesimama juu ya benchi. Watu wote waligeuka. Daktari wa meno alinipa mkono, kisha akaenda kumpa mkono na yeye.

Njiani kurudi, mimi nikiendesha, kombe likiwa mapajani mwake, alimpigia simu kila aliyemjua, kuanzia na kina mama wa Rinkeby.

"Amewamaliza wote!" alipiga kelele. "Mke wangu! Wanaume kwa wanawake, amewafyeka wote!"

"Visahani," nikamwambia. "Sema ni visahani."

Akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia kwa mshangao. "Kwani wao wanafikiri nini?"