Injini ya Barabara ya Mikindani

Harufu ya solisheni, ile gundi ya kuzibia pancha, hunirudisha Mtwara popote niwapo. Nikipita kwa fundi baiskeli na kuona mpira umezamishwa kwenye karai la maji ukitoa viputo, papo hapo niko barazani kwa Mwalimu Masanja, nina miaka kumi na miwili, nimechuchumaa kando ya binti yake Neema, na magoti yetu yote manne yana makovu. Nikwambie mapema, msomaji wangu, kwamba harufu hiyo naipenda na inanitia hasira kwa wakati mmoja.

Mjini kwetu, miaka ile ya tisini, baiskeli ilikuwa na kazi. Ilibeba muhogo, magunia ya korosho, madumu ya maji, wagonjwa, na siku nyingine kitanda kizima. Kisha akaja mhandisi mmoja Mzungu, mtu wa bandarini, ambaye kila jioni aliendesha baiskeli bila mzigo wowote. Alivaa kaptula ya kubana hadi kina mama wakageuza nyuso, akaenda mpaka Mikindani, akageuza, akarudi. Baba yangu, mkulima wa korosho aliyehamia mjini kutoka Mahurunga bila kuuacha ulimi wa kwao, alimtazama wiki nzima, kisha akauliza, "Huyu ntu anasahau nini huko kila siku?"

Aliyemwelewa yule Mzungu alikuwa Mwalimu Masanja peke yake. Alikuwa mtu wa Shinyanga, alitufundisha hesabu, na alipenda baiskeli kama wengine wanavyopenda mpira. Wawili hao wakaanzisha kikundi cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Neema alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, tuliyegawana naye kashata, chawa na siri, kwa hiyo alipoingia yeye na baiskeli yake ndogo nyepesi, nami nikaingia. Mama alikubali kwa sharti la kuvaa suruali ndani ya gauni. Baba akanipa baiskeli yake nyeusi ya kubebea korosho, na kila Jumamosi akawa anakwenda shughuli zake kwa miguu, wala hakuwahi kunikumbusha hilo.

Mkataba wa mhandisi ulipokwisha, aliiacha baiskeli yake kwa Mwalimu. Watoto washindane wakati wa likizo ya Juni, alisema, kwenda Mikindani na kurudi, na atakayetangulia kufika aichukue iwe yake. Ilikuwa ya gia kumi na mbili, usukani umepinda kama pembe za kondoo, nyepesi hata mimi niliiinua kwa mkono mmoja. Ukizungusha gurudumu la nyuma hewani lililia tik-tik-tik kwa muda mrefu, kisha likanyamaza taratibu. Sijawahi kukitaka kitu maishani kama nilivyoitaka baiskeli ile. Niliiota mchana, katikati ya somo la jiografia.

Kwenda Mikindani kulikuwa raha, maana msimu huo upepo wa kusi ulitusukuma mgongoni. Kazi ilikuwa kurudi. Ukiumaliza mlima wa kutokea Mikindani, kusi lilikupokea usoni na halikukuachia mpaka mjini. Jumamosi mbili za mwanzo za mazoezi tuliendesha ovyoovyo, kila mtu na lake. Jumamosi ya tatu Mwalimu akatupanga. Mimi mbele, Neema nyuma yangu karibu kabisa, wengine wafuate.

"Zuhura, wewe ni injini," aliniambia. "Injini inakaa mbele."

Nilivimba kichwa, nisifiche. Shule nzima ikaanza kuniita Injini. Nilikanyaga pedeli machozi yakinitoka kwa upepo, mchanga mdogomdogo ukisagika menoni, gauni likinipigapiga mapajani, na nyuma yangu nikimsikia Neema akiimba. Alikuwa anaimba! Mimi sina pumzi ya kumeza mate, mwenzangu anaimba. Nikajua ni furaha ya kuwa pamoja nami.

Siku ya mashindano tulianza watoto saba. Tulipogeuza Mikindani wengine walikuwa wamebaki nyuma kabisa, tukabaki wawili, mimi na Neema. Nilikaa mbele kama siku zote. Haikunijia kwamba naweza kukaa kwingine.

"Neema, upo?" niliita.

"Nipo! Twende!"

Tulipoanza kuliona lango la shule, watu wamejipanga pande zote mbili, mapaja yangu yalikuwa yamekufa. Neema akanipita. Alinipita kwa miguu iliyotoka kulala, hakugeuka kunitazama, akaingia langoni mimi nikiwa bado nahangaika na pedeli za Baba.

Nililia kwenye shati la Baba lililonuka salfa ya kupulizia mikorosho. "Ya mwenzio nyepesi, ya kwako ya mizigo," alisema. "Basi, ntoto wangu, nyamaza." Mwalimu akanishika mkono mbele ya watu wote na kusema mwenye nguvu kuliko wote ni mimi. Nikawaamini wote wawili. Neema naye akawa ananipa ile baiskeli ya gia kila Jumamosi nizunguke uwanja wa shule mara moja, nami nikamwambia Mama kwamba hakuna mtu mwenye roho nzuri kama Neema.

Miaka ikapita. Nilipata kazi Dar es Salaam, na miaka ya elfu mbili nikajiunga na watu wanaoendesha baiskeli Jumapili asubuhi barabara ya Bagamoyo. Siku ya kwanza upepo ulinielemea, mzee mmoja akaniambia, "Dada, njoo ukae nyuma yangu upumzike." Nikasogea nyuma ya gurudumu lake. Upepo ukaisha. Miguu ikawa myepesi ghafla, pumzi zikarudi, ningeweza hata kuimba.

Niliiegesha baiskeli kando ya barabara nikalia. Wenzangu walidhani nimepata pancha, mmoja akaanza kunitafutia pampu.

Hasira yangu yote nilimpa Mwalimu. Mtu mzima, mwendesha baiskeli, ameniweka mbele miezi mitatu nimkingie binti yake upepo, na siku ya mwisho akanishika mkono! Alinitumia salamu kupitia watu, sikujibu. Alikuja Dar kutibiwa akaniulizia, nikasema nina safari. Sikuwa na safari yoyote.

Kisha nikaletewa habari kwamba amefariki. Nikampigia Neema kumpa pole, kwa sababu yeye sikuwa na kinyongo naye, alikuwa mtoto kama mimi. Tukalia pamoja, tukacheka kidogo, na sijui ilikuwaje, nikamtajia ule upepo. Nilimwambia nimeshamsamehe baba yake.

Neema akanikatiza.

"Baba hakujua, Zuhura," alisema. "Alikuwa akipenda kuendesha tu, mambo ya mashindano hakuyajua. Niligundua mimi, Jumamosi ya pili, nilipochoka nikajificha nyuma yako. Nikamwambia Baba wewe unapenda kuongoza, akuweke mbele. Alifurahi sana. Alisema mtoto yule ana moyo."

Rafiki yangu wa dawati alikuwa ameijua siri moja ambayo hakunigawia, akanipa badala yake mzunguko mmoja wa uwanja kila Jumamosi, nami nikamshukuru. Naamini alinipenda. Alinipenda huku akijua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kuikosa baiskeli.

Mwalimu alizikwa kwao Shinyanga kesho yake. Nilikuwa sijamwamkia kwa miaka minne.