Benchi la Kinyozi Lafika Barazani

Kinyozi yule alikuwa na mdomo, tena mdomo wa kweli. Ukishakaa kwenye kiti chake akakufunga shuka shingoni, umekwisha: utasikia habari za madiwani, za bei ya nyembe, za goti lake linalouma mvua ikikaribia, na kichwa huwezi kukigeuza kwa sababu amekishika yeye. Lakini saa ya kumtoa mkewe nje ikifika, hata kama mteja amenyolewa upande mmoja, mashine inazimwa. "Subiri kidogo, ndugu yangu, bibie anatoka." Na wateja wanasubiri na nusu vichwa vyao, wala hakuna anayenung'unika.

Zamani mkewe ndiye aliyekuwa msemaji zaidi. Jamani, wawili wale walikuwa wakishindana! Kisha kiharusi kikaja kikachukua upande wote wa kulia, ulimi nao kikauchukua. Ukabaki mkono wa kushoto, na macho yale yale ya kukucheka. Daktari akasema atembee kila siku. Basi kutoka mlango wa kinyozi hadi benchi la mawe lililo mbele, kwenye mtaa ule wa katikati ya mji usioingia magari, ikawa ndiyo safari yao. Mimi na wewe tungeimaliza kwa muda wa kupiga chafya moja. Wao waliitembea polepole, mume ameshika kiuno, wakitua kwenye nguzo ya taa kuvuta pumzi. Wakifika, anamkalisha, anakaa kushoto kwake, anaushika ule mkono mzima, na hauachii. Benchi lile ndilo lililokuwa dunia yote ya nje aliyobakiwa nayo mama wa watu.

Jioni vijana wa skeitibodi wakaanza kuja. Walikuwa watu waliotoka kazini, madukani na maofisini, kila mmoja na kibao chake cha magurudumu. Wanateleza, wanaruka, wanakwaruza kingo za mabenchi mengine, krrr! Na kila walipopita, mke wa kinyozi alimbana mumewe mkono.

"Unaona?" kinyozi alimwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake. "Anaogopa. Mke wangu anaogopa, na hata kupiga kelele hawezi." Moyo ulimuuma kwelikweli. Akaenda kwa diwani kulalamika. Akaenda tena, na tena, mpaka diwani akawa akimwona kwa mbali anajifanya yuko kwenye simu. Mwishowe suala la skeitibodi likapelekwa kwenye kikao cha baraza la mji, wananchi nao wakaalikwa.

Siku ya kikao kinyozi alifunga kazi, akamchana mkewe nywele mwenyewe, akamfunga kitambaa kizuri shingoni, wakachukua teksi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na feni zinazunguka kwa uvivu. Zamu yake ilipofika akasimama, mkono wa mkewe bado mkononi mwake.

"Waheshimiwa, mke wangu huyu hapa. Hao vijana wakipita, ananibana mkono kwa woga. Naombeni muwaondoe."

Diwani akainuka, uso umemchangamka kwa kuwa ana jawabu. "Tumeliangalia jambo hili. Ukiwafukuza leo, kesho wamerudi, na askari wa kukesha pale hatuna. Kinachowaleta ni yale mabenchi ya mawe. Tuyang'oe yote, mtaa ubaki mweupe, shughuli imekwisha."

Watu wakapiga makofi. Kinyozi akapaza sauti.

"Mheshimiwa, mimi sikusema mabenchi!"

"Mzee wangu, tumekusikia," akasema mwenyekiti. "Malalamiko ni yako mwenyewe. Kaa."

Akakaa. Bila benchi, mkewe angefika wapi? Angefika kwenye nguzo ya taa, ageuzwe, arudishwe ndani. Mwenzake alikuwa na dunia ndogo kiasi kile, na yeye, kwa kumpigania, ndiye aliyekuja kuimaliza. Machozi yakamlengalenga.

Ndipo msichana anayeuza kwenye duka la dawa, kibao chake kwapani, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, tuondoeni sisi, tutatafuta pengine. Lakini benchi liacheni. Jaji wetu atakaa wapi?"

"Jaji gani tena?"

"Yule mama pale. Baba kinyozi akiitwa na mteja, akimwacha kidogo, yeye ndiye anayetupa maksi. Ukiruka vizuri, vidole vitano. Ukianguka, kimoja, na kicheko juu yake. Mimi hajawahi kunipa zaidi ya vitatu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kinyozi akamgeukia mkewe. "Wewe! Kweli?"

Angejibu na nini, maskini? Mkono ulikuwa umeshikwa. Akauvuta. Akauvuta kwa nguvu mpaka mumewe akauachia, kisha mama akauinua juu ya vichwa vya watu kuelekea kwa yule msichana, vidole vyote vitano vimenyooka.

Lo! Kinyozi akautazama ule mkono. Tangu mkewe augue, kila jioni alikuwa ameushika mkono ule kwa mapenzi yake yote, na kumbe ndio pekee uliobaki wa kusemea. Kule kubana hakukuwa woga. Alikuwa anashangilia, na pa kushangilia hapakuwa pengine ila ndani ya kiganja cha mumewe.

Akasimama tena. Yeye, mwenye mdomo wote ule, maneno yakamkwama. "Nimekosea, waheshimiwa. Nimemsemea mke wangu asichosema. Haogopi. Mabenchi... yaacheni. Na hao vijana. Basi." Akakaa.

Mkewe akamtazama kwa yale macho, akamwonyesha vidole viwili.

"Viwili tu?" akasema kinyozi, huku analia.

Wajumbe wa baraza wakabishana pale kama kawaida yao, diwani yule amenuna, mpaka wakakubaliana: mabenchi yabaki, vijana wateleze jioni tu, na mtu akipita kwa miguu washuke.

Ukipita mtaa ule jioni utawakuta. Siku hizi kinyozi anakaa upande wa kulia wa mkewe. Anaushika ule mkono usiohisi kitu, anausugua taratibu, na ule wa kushoto anauacha uongee.